Kabla ya Kulaumu Wino

Mama mmoja alikuja Jumatatu asubuhi, mvua imekatika punde tu, mkononi ana mfuko mweusi wa plastiki. Akatoa tisheti, akaikunjua juu ya meza yangu ya kazi, akailainisha kwa viganja viwili kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto. Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumemchapia tisheti 40 za matanga: nguo nyeusi, wino mweupe, sura ya kijana wake kifuani, na chini yake jina na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Sasa paji la uso lilikuwa limepasukapasuka kama tope lililokaukia juani. Jicho la kushoto lilikuwa limebanduka lote. Pembeni mwa mdomo gamba la wino lilikuwa linaning'inia, na nilipoligusa likaanguka.

"Imefuliwa mara moja tu, papa," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Mutoto wangu amenitoka mara ya pili."

Nikamjibu kwa neno ambalo kila mchapaji wa Goma analo tayari mdomoni. Nikamwambia ni wino. Kwamba wino unaoingia siku hizi si kama ule wa zamani, na kwamba tutaona la kufanya. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hakuwa na namna ya kujua kama nasema kweli. Na mimi pia sikujua.

Usiku ule usingizi haukuja. Nachapa nguo tangu nilipotoka kujifunza Kampala, kwenye vibanda vya Nasser Road, na miaka yote hiyo nimesikia wino ukilaumiwa kwa kila jambo: ukipasuka ni wino, ukififia ni wino, ukiwa na matundu ni wino. Ni rahisi kuulaumu kwa sababu ndio unaoonekana. Kesho yake nikachukua kopo lile lile, lilikuwa limebaki robo. Nikachapa sura ile ile, kwa kadre ile ile (fremu yenye wavu wa kuchapia), kwenye kipande cha tisheti ya bunda lile lile. Nikakiweka kwenye presi ya joto umeme ukiwapo, nyuzijoto 160, nikahesabu bila haraka. Kilipopoa nikakivuta kwa mikono miwili hadi uzi ukalia. Wino ukanyumbuka pamoja na nguo, ukarudi mahali pake, hauna hata ufa mmoja. Nikakifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tano ndani ya siku mbili. Sura ikabaki.

Basi wino haukuwa na kosa, na nilikuwa nimempa mama wa watu jibu la uongo.

Nikarudi kwenye daftari. Kazi yake tuliifanya usiku mmoja kwa sababu mazishi yalikuwa kesho yake. Umeme ulikatika saa mbili usiku, presi ikiwa imekwisha kupitisha tisheti 17. Zile 23 zilizobaki tuliziivisha kwa pasi za makaa. Nilikumbuka vizuri jinsi tulivyokuwa tukigusa wino kwa kidole na kuambizana, "Umekauka, lete nyingine."

Hapo ndipo penye kosa lote. Wino tunaoutumia wengi kwa nguo nyeusi ni plastisoli, chembe ndogo za plastiki zinazoelea ndani ya mafuta yake maalumu. Wino huu haukauki kwa hewa. Uache juu ya kadre usiku kucha, asubuhi utaukuta vile vile. Hauhitaji kukauka, unahitaji kuiva. Ukipata joto chembe zile hunywa mafuta yale, huvimba, na karibu na nyuzijoto 160 huyeyukiana zikawa ngozi moja iliyoshika uzi. Lakini ngozi ya juu hutangulia. Kwenye joto dogo zaidi ya hilo wino tayari hauchafui kidole, unang'aa, unaonekana umekwisha, na chini yake bado ni mbichi. Ni kama andazi lililotiwa kwenye mafuta yenye moto mkali mno: nje rangi nzuri, ndani unga. Ukilifua vazi hilo, sabuni na msuguano huingia pale palipo pabichi, na ngozi ya juu haina cha kushikilia.

Nilitaka kuona kwa macho yangu pasi ya makaa inafanya nini. Nina vile vibandiko vya kupimia joto vinavyobadilika rangi. Nikavipanga chini ya kitambaa, kimoja katikati ya pasi, viwili pembeni, kimoja nchani. Cha katikati kiligeuka upesi. Cha nchani hakikusogea hata nilipochoka mkono. Kwa hiyo kwenye tisheti ile ile moja, pua ya kijana iliiva na jicho lake la kushoto halikuiva. Nilipolinganisha na ile aliyoniletea mama, ufa ulifuata njia ya pasi, kana kwamba mtu ameuchora.

Wengi siku hizi wana ile bastola ndogo ya taa nyekundu inayopima joto. Mimi pia ninayo, na naipenda, ila inasoma uso tu. Haijui kinachoendelea chini, kwenye uzi. Jambo jingine ambalo bastola haikuambii ni unyevu. Pamba hunywa maji ya hewani, na kwetu, kati ya Septemba na Desemba, bunda la tisheti lililolala sakafuni linapata uzito unaouhisi mkononi. Ukiliweka kwenye presi, sehemu ya joto inakwenda kwanza kufukuza yale maji, na wino unasubiri zamu yake. Ndiyo maana tisheti iliyoiva vizuri mwezi wa Julai kwa sekunde kadhaa inaweza kutoka mbichi mwezi wa Novemba kwa sekunde zile zile, kwenye presi ile ile, mkono ule ule. Siku za mvua naibana kila tisheti tupu sekunde chache kabla ya kuchapa. Utaona mvuke ukitoka.

Kwa presi yangu, kwanza naliacha bamba likae juu ya nguo bila kuigusa mpaka wino usinate, ndipo naweka karatasi ya kuokea na kubana taratibu, sekunde 20, na kwa weupe mzito naongeza. Ya kwako inaweza kuwa tofauti. Kipimo si sekunde. Kipimo ni kuvuta. Nguo ikishapoa kabisa (ikiwa ya moto itakudanganya), ishike pande mbili za mchapo, ivute kwa nguvu. Ikipasuka, irudi kwenye joto. Na kila kazi inayozidi tisheti kumi, moja inafuliwa kabla mteja hajafika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, siku hizi tunafunga. Nimepoteza wateja wawili kwa hilo, na bado tunafunga.

Sasa niseme juu ya vumbi, kwa maana hapa Goma hakuna adui aliye karibu kama yeye.

Mji wetu umekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka, moto ulikata mji katikati ukaingia ziwani. Ule wa 22 Mei 2021 ulisimama Buhene, ukingoni. Mawe yale tumeyajengea nyumba na kuyatandaza barabarani, na magari yanayasaga mchana kutwa. Vumbi lake ni jeusi, jembamba, na lina makali. Ukilisugua kati ya vidole unalisikia. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ukipangusa kioo asubuhi, saa nne tayari unaweza kuandika jina lako juu yake.

Punje moja ya vumbi hilo ikikaa juu ya kioo wakati unapigisha kadre mwanga, inafanya kazi ile ile inayofanywa na herufi nyeusi ya mchoro wako: inazuia mwanga. Pale ilipokaa emulsioni, ile dawa tunayopaka kwenye wavu na kuigandisha kwa mwanga, haigandi, maji yanaiosha, na unabaki na tundu. Wino unapita hapo. Kwenye tisheti unaona nukta ndogo mahali ambapo hapakuwa na mchoro. Kijana ninayemfundisha anaziita nyota. Tulichapa siku moja tisheti za kwaya, nyeusi, maandishi ya rangi ya dhahabu, na kila mwanakwaya alipata anga lake.

Jambo la kwanza ukiona nyota ni kutazama tisheti tatu mfululizo. Weka moja juu ya nyingine. Nukta ikiwa mahali pamoja kwenye zote tatu, tundu liko kwenye kadre: inua kadre kuelekea dirishani, litafute, libandike kipande cha utepe upande wa chini unaogusa nguo, au lizibe kwa emulsioni kidogo kwa brashi na uiache juani. Nukta ikihamahama, kadre yako ni nzima. Uchafu uko kwenye wino au kwenye nguo yenyewe. Nimeona watu wakifuta kadre nzuri kabisa, kazi ya nusu siku, kwa sababu ya nyuzinyuzi zilizoanguka kutoka kwenye tisheti.

Tundu pia huzaliwa mapema zaidi, wakati kadre inaoshwa. Wavu mpya una mafuta ya kiwandani, na wavu wa zamani una mafuta ya vidole vyetu. Palipo na mafuta emulsioni hukimbia, kama maji yanavyokimbia kwenye jani la mgomba. Osha kwa sabuni ya maji ya vyombo, suuza mpaka maji yatandae bila kukatika, kisha usiguse tena kwa kidole. Maji yenyewe tunanunua kwa bidoni (madumu), na bidoni ya ziwani ina mchanga wake. Tunayapitisha kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Ukitazama kitambaa hicho mwisho wa wiki, huulizi tena kwa nini. Kabla ya kupaka emulsioni tunamwaga maji sakafuni, tunapiga deki, na mlango unafungwa. Mteja akigonga anasubiri.

Jua nalo lina habari yake. Wachapaji wa nchi nyingine wana mashine za taa za kupigishia kadre. Sisi wengi tuna kioo, ubao, sifongo, na jua la ikweta kwenye mwinuko wa mita karibu 1,500. Hilo jua si masihara. Kwa emulsioni yangu, ile ya diazo inayochanganywa na unga wake, dakika moja na nusu saa sita mchana inatosha. Wingu likipita, hesabu yote inaharibika. Na kwetu wingu linapita kila mara, kati ya mlima na ziwa.

Kazi iliyonifundisha hili ilikuwa ya chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mtu aliyekuwa anauzia wageni tisheti alitaka chukudu kifuani, kama ile ya sanamu ya mzunguko wa barabara, lakini akataka mbao zionekane kama mbao: mistari ya mti, mifundo, ufa kwenye gurudumu. Mchoraji wake alikuwa na mkono mzuri sana. Nikapigisha kadre kama ninavyopigisha herufi za chama cha akiba na mikopo. Nilipoiosha, mistari mizito ikafunguka, ile myembamba ikakataa. Nikakaza maji, ikakataa. Nikakaza zaidi, kingo za gurudumu zikaanza kubomoka, na mistari bado imefungwa.

Ukiona hivyo, mwanga umezidi. Umepenya pembeni mwa mstari mwembamba na kuugandisha. Ikiwa kinyume chake, mwanga haukutosha, utaijua kwa kidole: upande wa ndani, ule wa raklete (ubapa wa mpira wa kuvutia wino), emulsioni inateleza kama bamia, na maji yanayotiririka yana rangi yake. Kadre ya namna hiyo inaweza kuonekana nzuri siku ya kwanza, halafu katikati ya tisheti 60 kipande kinaondoka na herufi inapata mkia.

Nilichofanya ni jaribio ambalo mwalimu wangu alinionyesha na nililisahau kwa kiburi cha kuzoea. Unachukua kadre ndogo, unaweka mistari myembamba chini ya kioo, unafunika yote kwa kadi nene isipokuwa sehemu ya tano ya kwanza. Unahesabu sekunde 20, unasogeza kadi, sekunde 20 tena, unasogeza, mpaka mwisho. Ukiiosha una vipande vitano vyenye umri tofauti wa mwanga. Kile ambacho mistari yake yote imefunguka na ndani hakitelezi, ndicho chako. Nilifanya hivyo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, nikaandika ukutani kwa mkaa. Bado pameandikwa.

Lakini chukudu ilikuwa na shida ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Mchoro ulikuwa umetolewa kwenye karatasi ya kalke, ile inayopitisha mwanga, kwa mashine ambayo wino wake ulikuwa unakwisha. Uliposhikwa mkononi ulionekana mweusi. Uliposhikwa juani ulikuwa kijivu, na mwanga ulipita katikati ya mistari yenyewe. Ukitaka kujua kama mchoro wako ni mweusi kweli, uweke kati ya jicho lako na dirisha, usiutazame juu ya meza. Wengine hupaka mafuta ya kupikia kwenye karatasi ya kawaida ili ipitishe mwanga. Kwa herufi kubwa kama kiganja inafaa, nimeifanya. Kwa mistari ya mbao, hapana. Tulitoa mchoro upya, nakala mbili, tukazipachika moja juu ya nyingine mpaka zikalingana, na mifundo ikatoka.

Na emulsioni iwe kavu kabla ya mwanga, kavu hasa. Ikiwa na unyevu haigandi sawasawa hata uipe jua la mchana mzima, na wakati wa mvua kinachoonekana kikavu kwa jicho si kikavu. Feni, chumba chenye giza, na usiku mmoja. Hakuna njia ya mkato niliyoipata.

Kuhusu wavu wenyewe sitakaa sana. Zamani ulikuwa wa hariri. Samuel Simon wa Manchester alipopewa hataza yake mwaka 1907 hariri ndiyo iliyokuwapo, leo ni poliesta. Unahesabiwa kwa nyuzi ndani ya sentimita moja: 43 kwa weupe mzito juu ya nguo nyeusi, 77 au 90 kwa mistari myembamba na nukta za picha. Ukichapa mistari ya chukudu kwa wavu wa 43, kingo zitatoka na meno kama msumeno, wala kosa si la mkono wako. Kadre zetu ni za mbao, tunazifunga wenyewe, na mbao ikinywa maji hujipinda. Piga wavu kwa kidole: usikike kama ngoma. Ukisikika kama mfuko, funga upya. Wavu uliolegea husogea pamoja na raklete, na ndipo unapata herufi yenye kivuli pembeni, kana kwamba imechapwa mara mbili.

Kivuli hicho hicho hutokea kadre ikilala kabisa juu ya nguo. Inatakiwa nafasi kidogo, milimita 2 hadi 4, ili wavu uguse nguo pale raklete inapopita tu, kisha unyanyuke wenyewe nyuma yake. Mimi natumia njiti za kiberiti, moja au mbili kila pembe, zimebandikwa kwa utepe. Nimezitumia miaka mingi na sijaona sababu ya kuziacha.

Weupe juu ya nyeusi ndiyo kazi inayoomba nguvu, na nguvu ndiyo inayoiharibu. Kijana wangu alikuwa akibonyeza raklete mpaka mishipa ya shingo inasimama. "Yaya, weupe hauonekani," aliniambia (yaya kwetu ni kaka mkubwa), akimaanisha kwamba weupe unakuwa kijivu. Nikageuza tisheti nje ndani, nikamwonyesha: sura ilikuwa imetokea upande wa pili. Alikuwa anausukuma wino kupita nguo wakati sisi tunautaka ukae juu yake. Raklete isimame karibu wima, ukingo wake uwe mkali (ukiwa butu kwa umri, unapaka badala ya kukata), ipite kwa mwendo mmoja na nguvu ya kutosha tu kuusafisha wavu. Kisha taa ya kukaushia, sekunde chache mpaka wino uache kunata kidoleni, kisha mpito wa pili. Usiuchome hapo katikati. Tabaka la kwanza likiiva kabisa, la pili halitalishika, nalo litakuja kubanduka kama utepe.

Asubuhi za baridi plastisoli inakuwa nzito kama siagi. Ikoroge. Ikoroge tena, dakika tano, inalegea yenyewe. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watu, hata mafundi wa siku nyingi, wakitia petroli au mafuta ya taa ili wino ulegee. Unalegea, ndiyo. Na haujaiva tena vizuri tangu hapo, kwa joto lolote. Yapo mafuta yake maalumu ya kuulainisha, na hata hayo ni kidogo kidogo, kwa kijiko. Wino wa maji ni habari nyingine. Huo ndio unaokaukia kwenye wavu na kuziba mistari, na dawa yake ni chupa ya kunyunyizia maji na kutoacha kadre bila wino hata unapojibu simu.

Nifike kwenye jezi.

Timu moja ya mtaa, vijana, walichanga pesa wao kwa wao wakaleta jezi 18 nyekundu wachapiwe namba nyeupe. Tulichapa vizuri. Nilivuta, hazikupasuka. Niliwapa siku ya Alhamisi, nyeupe kama maziwa. Jumapili walicheza, na nahodha alipokuja jioni hakuwa na hasira, alikuwa na aibu kwa niaba yangu. Namba zote zilikuwa za waridi.

Jezi zile zilikuwa poliesta. Rangi ya poliesta inaingizwa kiwandani kwa joto, na joto lile lile linaweza kuitoa: ukipita nyuzijoto 130 hivi, sehemu ya rangi hugeuka mvuke na kupanda hadi ndani ya wino. Nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote. Tena haifanyi siku ile ile. Inaendelea kupanda polepole, siku mbili, tatu, wakati wewe umekwisha kulipwa na kusahau. Kadiri unavyoongeza joto kwa hofu ya kutokuiva, ndivyo unavyoikaribisha. Kilichoniokoa kwenye pamba ndicho kilichoniangusha kwenye poliesta.

Dawa ni wino wa weupe uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta, unaoiva kwa joto la chini, na kwa nyekundu mbaya kabisa tabaka la kijivu la kuzuia rangi chini ya weupe. Wino huo una bei, na haupatikani kila siku. Kama haupo, mwambie mteja haupo. Nguo moja ichapwe, ikae siku tatu kabla ya zile nyingine. Namba za vijana wale nilizifunika kwa rangi nyeusi, nikanunua wino kwa pesa yangu, na msimu ule walicheza hivyo.

Wala usiamini karatasi ya shingoni. Tisheti zinatufikia kwa mabunda kutoka Kampala na mbali zaidi, na nimekuta zimeandikwa pamba tupu wakati nusu yake ni plastiki. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uchome kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu linalopotea kwa pumzi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje nyeusi ngumu. Vikiwa vimechanganywa utaona vyote viwili. Huchukua nusu dakika, nami naufanya mbele ya mteja ili tuone pamoja kilicho ndani ya bunda lake kabla hatujakubaliana bei.

Daftari langu sasa lina safu za kila kazi: bunda, wavu, saa ya jua, sekunde za presi, mvua au jua. Kosa likitokea tunabadilisha jambo moja tu, tunachapa, tunatazama. Ukibadilisha mawili na mambo yakatengemaa, hujui lipi lililokuponya, na kesho utaumwa tena.

Mama wa matanga nilimtafuta mwenyewe. Nilimwambia haikuwa wino, ilikuwa sisi, umeme ulikatika na tukaharakisha kwa pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Tisheti alizoweza kukusanya zilikuwa 11. Nyingine zilikuwa zimekwisha kwenda na ndugu, Masisi, Bukavu, Kampala, na mbili zilikuwa zimewekwa pamoja na marehemu. Tulichapa upya zote 40, kwa picha ile ile, mchana, umeme ukiwapo, na moja nikaifua mara tano kabla ya kumwita.

Alipofika nilimpa ile iliyofuliwa. Nikamweleza jinsi ya kupima: ishike pande mbili za uso, uvute kwa nguvu, usiogope. Akaishika vile nilivyomwonyesha, vidole vyake viko mashavuni mwa kijana. Akakaa hivyo muda. Kisha akanirudishia.

"Uvute weye, papa," akasema.